Sauti ya Nne Isipokuwapo

Somo: Waamuzi 7:1–22



Habari za Gideoni mwazijua tangu shule ya Jumapili. Watu waliomfuata walikuwa 32,000. Wenye hofu wakarudi kwao, nao walikuwa 22,000; kisha pale majini wakachujwa tena, hata wakasalia 300 tu. Wahubiri wengi hukoma hapo, wakasema ya kuwa Mungu hategemei wingi wa watu. Ni kweli, nami sina la kupinga. Walakini leo nataka mwendelee kusoma hata mstari wa kumi na sita, kwa maana pana neno ambalo mimi mwenyewe nalilipita miaka mingi bila kuliona. Gideoni alipoachiwa wale 300, hakuwapanga kana kwamba ni jeshi la watu 32,000 lililopungukiwa. Aliwagawanya vikosi vitatu, akampa kila mtu tarumbeta mkononi, na mtungi mtupu, na mwenge ndani ya mtungi. Vita ilikuwa ile ile, na adui ni wale wale; bali mpango ulifanywa upya, kwa kadiri ya watu waliokuwapo.

Neno hilo ndilo nitakalo kulileta katika kwaya zetu. Katika sharika nyingi hali ni moja: wanawake ni wengi na wanaume ni haba. Vijana wamekwenda mijini, au machimboni, au kwenye mashamba ya watu; na katika waliobaki wako waonao haya kuimba mbele ya wenzao. Tena karatasi za nyimbo tulizorithi, za Bach na Händel na wengine wa kale, zimeandikwa kwa sauti nne, na sauti mbili katika hizo ni za wanaume. Basi mwalimu wa kwaya afanyeje? Yuko awalazimishaye wanaume wawili kupiga kelele kama watu wavukao mto, mpaka mishipa ya shingo itokeze. Yuko aziachaye nyimbo hizo kabatini ziliwe na mende. Na yuko mchungaji awakatazaye, na huyo nalikuwa mimi. Sina budi kuungama kwanza, kabla sijamfundisha mtu.

Nilipotoka chuo cha theolojia nalipewa usharika mmoja wa milimani. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuimba kwa sauti nne, nami nalikuwa katika teno; nikaipenda kazi hiyo, pengine kuliko inavyompasa mtumishi wa Neno. Kwaya niliyoikuta ilikuwa na wanawake kumi na tisa na wanaume watatu. Wawili walikuwa vijana, waimbao sauti yo yote waliyoisikia karibu nao. Wa tatu alikuwa mzee wa kanisa, fundi seremala, naye ndiye aliyekuwa besi peke yake, tena kwa miaka zaidi ya thelathini. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, akanijia siku moja na ule wimbo wa mateso ya Bwana kama ulivyopangwa na Bach, akaniuliza kama aweza kuupunguza uwe wa sauti tatu. Nikamjibu ya kuwa kazi ya Bach si kitambaa cha kukatwa na kila fundi. Wasipotimia sauti nne, na wauache, waimbe nyimbo za kitabuni kwa sauti moja. Maneno hayo yalinipendeza wakati ule.

Vijana wale wawili wakaondoka kwenda machimboni. Mzee akashikwa na ugonjwa wa kifua, akalala muda mrefu. Kabla ya kufa aliomba jambo moja, aimbiwe wimbo ule kaburini. Siku ya maziko, wakati ulipofika, nikamtazama mwalimu wa kwaya, naye akatazama chini. Wanawake kumi na tisa walisimama na karatasi mikononi, wala hapana aliyefungua kinywa, kwa kuwa neno la mchungaji walilisikia. Tukaimba wimbo mwingine, kaburi likafukiwa. Siku ya tatu mjane akaja nyumbani kwangu, akaketi, akauliza, “Baba mchungaji, mbona hawakumwimbia?” Nikamweleza ya kuwa sauti ya nne haikuwapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Sauti ya nne ndiyo tuliyoizika, Baba. Wale wengine walikuwapo.”

Sikuwa na jibu, wala leo sina.

Nalikosa mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa la moyo: kwa kuwahesabu wasiokuwapo naliwadharau waliokuwapo. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya kumi na mbili, akisema juu ya viungo vya mwili, hakusema ya kuwa mwili uliokatwa mkono ukome kutembea. Kosa la pili lilikuwa la ujinga. Nalidhani wakuu wa muziki wa kanisa hawakujua shida hii, ya kuwa kwao waimbaji walikuwa tele, na ya kuwa kuupunguza wimbo ni uvivu wa watu wa siku hizi. Nilipoanza kusoma, nikaaibika.

Bach mwenyewe, tarehe 23 Agosti 1730, aliwaandikia wakuu wa mji wa Leipzig maandiko marefu ya kulalamika. Alitaka kila sauti iwe na waimbaji watatu, na afadhali wanne, yaani watu 12 hata 16 katika kwaya moja. Kisha akawahesabu wanafunzi aliokuwa nao: 17 wafaa, 20 hawajafaa bado, na 17 hawafai kabisa. Nakuomba, mwalimu wa kwaya, uisome hesabu hiyo siku ile utakapokuwa umekata tamaa.

Naye Heinrich Schütz, aliyezaliwa mwaka 1585, karne moja kamili kabla ya Bach, aliona makubwa zaidi. Mwaka 1619, alipokuwa mkuu wa muziki katika nyumba ya mtawala huko Dresden, alichapisha Zaburi za Daudi kwa makundi ya waimbaji wakiitikiana, pamoja na vyombo vingi. Lakini Vita vya Miaka Thelathini, tangu 1618 hata 1648, viliiharibu nchi ya Ujerumani. Fedha zikapotea, waimbaji wakatawanyika, wengine wakafa. Schütz alifanya nini? Mwaka 1636, na tena mwaka 1639, alitoa vitabu viwili vya nyimbo ndogo za kiroho, za sauti moja hata tano, zikisaidiwa na kinanda. Hakuzitoa zile za 1619 zikiwa na mapengo. Alitunga kwa ajili ya waliosalia, na nyimbo hizo zaimbwa hata leo.

Tena msifikiri ya kuwa sauti zimekaa mahali pamoja tangu mwanzo. Katika kitabu cha kwaya alichokitoa Johann Walter huko Wittenberg mwaka 1524, chenye dibaji ya Luther mwenyewe, nyimbo zilikuwa za sauti tatu hata tano, na sauti kuu ya wimbo mara nyingi ilishikwa na teno, yaani wanaume. Mwaka 1586 Lucas Osiander, mhubiri wa Württemberg, akatoa nyimbo hamsini ambazo ndani yake sauti kuu imepandishwa juu kabisa, ili watu wote wa usharika waisikie na kuimba pamoja na kwaya. Mpango huo tunaouona kuwa ni desturi ya tangu milele ulikuwa ni badiliko, na sababu yake ilikuwa ni watu waliokaa kanisani.

Hata upande wa ndugu zetu Wakatoliki upo mfano. Antonio Vivaldi, padre, alianza mwaka 1703 kufundisha fidla katika nyumba ya mayatima wa kike mjini Venice, iitwayo Pietà. Waimbaji wa nyumba ile walikuwa wanawake, nao walikuwa na sauti zote nne, hata teno na besi, huku vyombo vya nyuzi na kinanda vikiitia nguvu sauti ya chini.

Lakini kwa nini niende mbali? Fungueni Kutoka, sura ya kumi na tano. Musa na wana wa Israeli waliimba wimbo mrefu kando ya bahari, mistari kumi na minane. Kisha Miriamu akatwaa tari, na wanawake wote wakamfuata, naye akauitikia wimbo ule ule, walakini alitwaa mwanzo wake tu. Wimbo wa Miriamu ni mstari mmoja. Hapana aliyeuhesabu kuwa pungufu. Umeandikwa katika Maandiko Matakatifu karibu na ule mrefu.

Sasa, jinsi ya kuifanya kazi. Hapa nitawasumbua kidogo ninyi msiojua nota, mnivumilie.

Kwanza, kabla ya kugusa karatasi, msikilize kila mwimbaji peke yake, uandike nota ya chini na ya juu aimbazo pasipo kujikaza. Wengi hawakupimwa hata siku moja. Waliwekwa katika sauti fulani kwa sababu rafiki zao walikuwa pale.

Ukiwa na wanaume watatu au wanne, usiwagawanye kuwa teno na besi. Waweke wote katika sauti moja, nawe uiandike kati ya A iliyo chini ya C ya kati kwa nota kumi, ukizihesabu zote mbili, na D iliyo juu kidogo ya C hiyo. Katika nafasi hiyo mwenye sauti nzito hapandi mno, wala mwenye sauti nyepesi hazami. Mahali besi ya Bach ishukapo chini ya A, ipandishe nota ile hatua nane, ukiangalia isiruke juu ya alto.

Kosa la walimu wengi, nami nalilifanya, ni kuifuta sauti ya tatu na kuziacha nyingine kama zilivyo. Jaribuni wenyewe. Besi ana do, teno ana mi, alto ana so, soprano ana do ya juu. Mfute teno. Zimebaki do na so na do, nazo zalia kama mtungi usio na maji. Wala msikiaji hawezi kujua kama ni wimbo wa furaha au wa huzuni, kwa sababu nota iambiayo habari hiyo ni ile mi. Basi mpe alto ile mi, uiache so iende zake, sikio halitaililia. Vivyo hivyo zikutanapo so na ti na re na fa, zishike ti na fa, na ikilazimu kuacha moja, iache re. Nayo ti isiimbwe na sauti mbili kwa pamoja, maana ni nota yenye kiu ya kwenda do, na wawili wakienda pamoja wataharibu mwendo. Kwa hiyo hapana njia ya mkato. Yapasa kuupitia wimbo mapatano kwa mapatano, ukiuliza kila mara, Ile mi iko wapi? Nani aishika?

Kosa jingine ni kuwapa wanawake sauti ya besi waiimbe hatua nane juu, kisha kudhani kazi imekwisha. Besi ni msingi. Ukiiinua, mara nyingi yapita juu ya alto, na nota ya alto yawa msingi pasipo kuumbwa kwa kazi hiyo. Penye do chini pawa na so chini, na wimbo wayumba pale ulipotakiwa kutulia. Kwaya ikiwa ya wanawake peke yao, yupo apasaye kuwa chini kabisa, naye ni alto wa pili. Mpe njia ya besi pale aiwezapo, na pale asipoiweza mwandikie njia mpya isiyoipita sauti ya wenzake. Kama mna kinanda, mkono wa kushoto na ushike besi yenyewe mahali pake. (Vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, nacho chasaidia sana. Mwalimu na akumbuke kukirudisha kabla ya liturgia; mimi nimeimbishwa sala ya kukusanya juu mno kwa sababu hiyo.)

Juu ya ufunguo, msiogope kuuhama. Tunao urithi mwema katika zile herufi za do na re na mi, zilizotengenezwa na bibi Sarah Glover wa Norwich, kisha zikaenezwa katika karne ya 19 na John Curwen, aliyekuwa mchungaji. Kwa herufi hizo wimbo hausogei hata nota moja uhamapo. Wabadili tu lile neno lililo juu ya karatasi, Do ni G, liwe Do ni F. Asemaye ya kuwa ni kumkosea heshima mtungaji, na atazame Mateso ya Bwana kwa Mathayo, kazi ya Bach ya mwaka 1727. Sauti ya wimbo ule wa mateso nilioutaja, ambayo kwanza ilikuwa ya wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler uliochapishwa mwaka 1601, yaja humo mara tano. Bach hakuiweka mahali pamoja. Aliibadilishia ufunguo, na mara mbili mapatano ni yale yale, yameshushwa nusu hatua tu.

Ziko nyimbo zisizokatika kwa urahisi, ambazo kila sauti huingia kwa zamu na neno lake, kama wazee wanenao barazani. Katika Haleluya ya Händel, aliyoitunga pamoja na Masihi yote mwaka 1741, penye habari ya kutawala kwake milele, besi huanza, kisha teno, kisha alto, kisha soprano. Ukimfuta teno umemnyamazisha mzee mmoja barazani. Wanaume wako wote na waanze pale kama besi. Nusu ya alto, wale wa sauti nzito, waingie zamu ya teno. Nusu ya pili waingoje zamu yao. Yawezekana. Lakini kama una mwanaume mmoja, naye anakohoa, nakushauri uiache Haleluya hiyo kwa mwaka huu, uchague kitu cha Schütz.

Neno la haki pia: Bach na Händel na Schütz wamelala zamani, na kazi zao ni huru. Mtungaji aliye hai, au aliyefariki karibuni, yapasa aombwe ruhusa, yeye au warithi wake, kabla ya kuikata kazi yake. Kwaya imwimbiayo Mungu isianze kwa kuchukua cha mtu.

Tena nisieleweke vibaya, kana kwamba nimewaacha wanaume waende. Wachungaji, tuwatafute. Yule kijana ambaye sauti yake inavunjika msimcheke, wala msimfukuze. Na akae karibu na wanaume, aimbe nota chache awezazo, mpaka sauti itulie. Na yule baba aketiye nyuma kabisa, aimbaye kwa kunong'ona, nendeni nyumbani kwake. Lakini mkiisha kwenda, rudini mkawaandikie wimbo wale waliokwisha kuja.

Nimalize habari niliyoianza. Baada ya siku ile nalimwendea mwalimu wa kwaya, nikamwomba radhi. Tukakaa jioni nne mezani kwangu na penseli na kifutio. Tulipowapima waimbaji, tukamgundua mama mmoja, mwuza ndizi, ambaye miaka yote alikuwa akijikaza katika sauti ya kwanza, naye ashuka hata F iliyo chini ya C ya kati bila taabu. Alipoambiwa aende alto wa pili alikasirika kwa juma zima, akidhani ameshushwa cheo. Tukaushusha wimbo hatua moja, tukampa yeye na wenzake wawili njia ya chini, na mapatano mawili yaliyotushinda tukayaacha kwa sauti mbili tu.

Ijumaa Kuu iliyofuata, baada ya ibada, tulikwenda makaburini, wanawake kumi na tisa na mimi. Nalitaka kuimba nao, lakini mwalimu akanionya ya kuwa hakuna sauti yangu katika mpango ule, nikanyamaza. Waliimba beti mbili. Mjane alisimama kando, mikono ndani ya khanga, na walipokwisha akamwita mwalimu, akamwambia ni vema, ila mwisho wameuharakisha. Mumewe alikuwa akiivuta ile nota ya mwisho hata watu wakageuka kumtazama. Mwalimu akatoa penseli, akaandika alama ya kuvuta juu ya nota ya alto wa pili, wakauimba tena.